Kiti cha Mhusika

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Mke wangu bado yuko kwa binti yetu. Alikwenda kumsaidia kulea mtoto mchanga. Ndivyo ninavyowaambia majirani. Mtoto mchanga huyo sasa anatembea na ameanza kubishana na watu.

Ukweli nitauandika mara moja tu. Tulikuwa na wageni mezani. Mke wangu akaanza kuwasimulia jinsi tulivyokutana. Akakosea. Nikamsahihisha, kwa upole. Akakosea tena. Nikamsahihisha tena. Alipofika kwenye mvua nikalazimika kueleza kwamba haikuwa mvua, yalikuwa manyunyu. Akaweka upawa chini, akaingia chumbani. Kesho yake akafunga mizigo. Kwa sababu ya manyunyu!

Leo nimepata njia ya kumrudisha. Chama chetu cha wasomaji hukutana maktaba, na mwezi huu tunasoma hadithi fupi za zamani. Jumamosi mwanachama mmoja atasoma hadithi aliyoitunga mwenyewe, mbele ya wageni. Nimejiandikisha. Nitaandika hadithi ya ndoa yetu. Mke wangu atakuja, atasikia, ataona alipokosea, atarudi nyumbani.

Sioni mahali mpango huu unapoweza kuharibika.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Kikao cha kawaida. Tumejadili hadithi ya mlinzi wa kivuko cha reli. Anasimulia mwenyewe. Kila ukurasa anatuambia kwamba yeye si mpweke. Kila jioni anaandaa vikombe viwili vya chai.

Mkutubi, ambaye hutuongoza, alisema kwamba anayesimulia kwa nafsi ya kwanza huenda akawa wa mwisho kuelewa anachokisimulia. Nikasimama. Nikasema kwamba mlinzi alikuwapo pale kivukoni, sisi hatukuwapo. Akisema si mpweke, si mpweke. Vikombe viwili ni tahadhari, kimoja kisije kikavunjika.

Mkunga mstaafu alicheka hadi akavua miwani kufuta machozi. Kisha akaniuliza kwangu naandaa vingapi. Mwanamke huyu amezalisha nusu ya mji na anadhani sote bado tunahitaji kupigwa mgongoni ili tulie.

Ndiye aliyenibandika jina la Bwana Nukta. Nimeambiwa ni dhihaka. Mimi nalichukua kama cheo.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Hadithi imekamilika. Swali gumu lilikuwa nani aisimulie. Nikisimulia mimi, watu watasema najipendelea. Kwa hiyo nimemchagua msimulizi anayejua yote. Huyu huona ndani ya kila moyo na hana upande. Imetokea tu kwamba anakubaliana nami katika kila jambo.

Nimemsomea mkutubi. Alisikiliza kwa adabu. Alisema mume ni mhusika duara, ana pande nyingi, hata kama zote zinasifiwa. Mke, alisema, ni mhusika bapa: anaingia na chai, anatoka na sinia. Akaniuliza mke huyo anataka nini. Nikamwambia anataka kurudi nyumbani. Akauliza nimejuaje. Nikamwambia mimi ndiye mwandishi.

Alinitazama kama anayetafuta kitabu kilichowekwa rafu isiyo yake.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Hatari! Nilikuwa nimesahau kiti.

Hii ni desturi ya chama chetu. Hadithi ikishasomwa, kiti kitupu huwekwa mbele. Yeyote aweza kukikalia, akajifanya mmoja wa wahusika, akasema yaliyo moyoni mwa mhusika huyo na kuulizwa maswali. Mwandishi haruhusiwi kufungua kinywa mpaka aliyekaa ainuke. Mkunga atakikimbilia kiti hicho, awe mke wangu, na kunivua nguo mbele ya watu.

Nimekula njama na kinyozi, mwanachama mwenzetu. Nikimaliza tu kusoma, atawahi kiti na kuwa mke. Atasema anajuta, na kwamba anarudi leo hii. Amekubali kwa sharti moja: nisimsahihishe tena akiwa na wembe mkononi. Tumefanya mazoezi. Sauti yake ni nzito mno. Nikamwomba aipandishe. Ikatoka ya mbuzi. Tumeafikiana azungumze kwa sauti yake.

Jioni nikampigia binti yangu simu. Nikamwomba amlete mama yake.

“Nitamleta, baba,” alisema. “Lakini safari hii msikilize tu. Mwache mama afike mwisho. Ukimkatiza, mimi simleti tena.”

Nilimweleza kwamba kanuni ya chama inanifunga mdomo. Hana sababu ya wasiwasi.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Alikuja. Amepungua kidogo. Amevaa gauni la bluu ambalo nilidhani halimwenei tena. Akaketi nyuma, karibu na mlango, binti yetu pembeni yake.

Nikasoma. Hakuna aliyekohoa. Nilipofunga karatasi zangu kiti kikawekwa, na kinyozi akainuka mara moja, kama tulivyopanga. Mke wangu alikuwa tayari katikati ya ukumbi. Alimwambia kwa upole, “Kaka, niachie. Hiki ni changu.” Kinyozi akarudi kuketi. Msaliti! Alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Mke wangu akakaa. Akaweka mikono magotini.

“Mimi ndiye yule wa sinia,” alisema, na watu wakacheka kidogo. “Siku ile mvua ilikuwa kubwa. Mwavuli ulikuwa wangu. Yeye akaushika, akaukinga juu ya madaftari ya wanafunzi wake. Madaftari yakabaki makavu, sisi wawili tukalowa chapachapa. Nikacheka mpaka nikatetemeka. Nikasema moyoni, huyu hajui kujikinga. Atahitaji mtu.”

Miaka yote hii nilidhani alitetemeka kwa baridi.

Nilitoa leso. Maktaba ile ina vumbi. Nilijikaza, sikusema neno, ingawa yalikuwa manyunyu.

Mkunga akauliza, kwa sauti ambayo sijapata kumsikia nayo, “Sasa, mwenzangu, unataka nini?”

Mke wangu akanitazama mimi, si yeye.

“Begi langu liko kwenye gari la binti yangu,” alisema. “Nimelifunga tangu asubuhi. Kurudi si taabu. Nataka kitu kimoja tu. Tangu ile Jumanne ya mvua mpaka leo, nimekuwa nikitamani—”

“Jumatano,” nilisema.

Sikukusudia. Lilitoka lenyewe. Lakini ilikuwa Jumatano! Jumanne nilikuwa na zamu ya maktaba ya shule, nisingeweza kuwa njiani saa ile.

Kinyozi akafunika uso kwa kofia yake. Mke wangu hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alitabasamu kama mtu aliyesoma kitabu hiki zamani na akaukumbuka mwisho wake. Akainuka, akawashukuru watu kwa kumsikiliza, akatoka. Binti yangu alinitazama, kisha akaufunga mlango polepole sana.

Sikusikia begi likishushwa. Nilisikia gari likiondoka.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Nimelala vibaya lakini nimefikiri vizuri. Kwa jumla hafla ilifaulu. Usomaji wangu ulikuwa safi. Kosa lilikuwa la kinyozi, aliyeachia kiti kirahisi, na la mkutubi, ambaye kanuni yake haisemi lolote kuhusu tarehe na siku.

Mkunga alipita asubuhi. Alisimama kizingitini, hakutaka kuingia. Akaniuliza, taratibu, kama nimeelewa kilichotokea jana. Nikamwambia nimeelewa kabisa: ilikuwa Jumatano. Akaondoka bila kuaga. Watu wa siku hizi.

Nimeanza hadithi mpya. Safari hii nimekubali ushauri: nitaandika kwa nafsi ya kwanza, kwa kinywa cha mke wangu mwenyewe. Ataisoma, ataona jinsi ninavyomwelewa, atarudi. Kazi inakwenda vyema. Nimekwama mahali pamoja tu, pale alipoishia. Sijui alikuwa akitamani nini.

Si kitu. Nitammalizia.

Chai imechemka. Nimeandaa vikombe viwili. Tahadhari tu, kimoja kisije kikavunjika.