Bega Langu na Huruma ya Gidioni

Jumapili, 1 Agosti 1976

Nimechoka. Bega la kulia halinyanyuki. Jana tulikuwa kwenye msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima, wa kusomba mawe ya kanisa jipya, kila nyumba mtu mmoja. Gidioni, mwimbaji wa besi na msaidizi wangu kwenye kwaya, mtu ninayemvumilia kwa neema ya Mungu tu, alibeba jiwe kubwa na akina mama wakamshangilia. Nikachagua kubwa zaidi. Nililiinua mpaka usawa wa kichwa. Ndipo begani nikasikia kitu kinachanika kama kanga kuukuu. Jiwe likaanguka. Akina mama hawakushangilia.

Leo nimeongoza kwaya kwa mkono wa kushoto. Balaa! Sauti ya kwanza wakadhani nawaita besi, besi wakadhani nawanyamazisha. Baada ya ibada Gidioni alinifuata nje, akaniamkia shikamoo kwa sauti kubwa. Shikamoo! Tumepishana miaka miwili. Akasema Mwalimu nipumzike, yeye yupo. Huruma ile naijua. Mashindano ya kwaya ya dayosisi ni tarehe 10 Oktoba. Miaka ishirini na mmoja nimesimama mbele ya kwaya hii, na sijawahi kukosa mashindano. Gidioni akiishika nafasi ile mara moja, haachii tena.

Jumanne, 3 Agosti

Nimepanda basi pale kituo cha Kwa Sadala mpaka hospitali mjini. Daktari ni kijana mpole. Akauinua mkono wangu, akaniambia niushikilie hewani mwenyewe. Ukaanguka. Akasema kano limechanika. Kano ni ile kamba ngumu inayoshikanisha msuli na mfupa. Langu nusu limechanika, nusu bado limeshika.

Njia ni mbili, akasema. Ya kwanza, bila kupasua: kupumzisha bega, vidonge vya maumivu, na mazoezi ya polepole miezi mitatu. Watu wengi wa umri wangu, hamsini na mbili, hupata nafuu hivyo. Ya pili, kupasua na kulishona kano kwenye mfupa, mkono ufungwe wiki sita, kisha mazoezi miezi mingine. Kwa mchaniko kama wangu alishauri ya kwanza. Nikamuuliza ipi itakuwa imekamilika tarehe 10 Oktoba. Akasema hakuna. Kijana huyu hajawahi kuongoza kwaya.

Nimechagua mazoezi. Anayeyafundisha ni Mama Eliona, mwanamke asiyetabasamu bure. Amenipa kamba na kapi, kile kigurudumu cha kupitishia kamba. Natundika juu ya mlango, mkono mzima unavuta chini, mgonjwa unapanda bila kutumia nguvu zake. Mara kumi asubuhi, mara kumi jioni. Ukiuma, acha. Mwenda pole hajikwai, akasema.

Kwenye basi nikapiga hesabu. Mara ishirini kwa siku, miezi mitatu, ni mara elfu moja na mia nane. Nikifanya mia tatu kwa siku, nimemaliza kwa siku sita! Sijui kwa nini hospitali nzima hawajaliona hili.

Alhamisi, 5 Agosti

Jana nilifanya mia tatu. Sasa hata mkono mzima unauma. Mke wangu Ruth amesema sikio la kufa halisikii dawa. Nikamwambia aangalie ndizi zake zisiungue.

Leo asubuhi nikajiuliza kwa nini mimi nichoke na mtamba wetu amekaa bure zizini. Nikatundika kapi kwenye boriti, ncha moja ya kamba shingoni mwa mtamba, nyingine kwenye kifundo changu cha mkono. Nikamkatia vipande vya mgomba. Akisogea mbele kula, mkono unapanda. Akirudi nyuma kutafuna, unashuka. Mara arobaini, safi kabisa! Nikajisifu kwa sauti.

Kisha Ruth akapita nje na mzigo wa majani mabichi. Mtamba akayaona.

Ruth alinikuta nimesimama kwa ncha za vidole, mkono juu kabisa. Ilikuwa mara ya kwanza kufika juu tangu Jumamosi, lakini sikuweza kufurahi. Naandika kwa shida.

Jumatatu, 9 Agosti

Hospitali tena. Kano limekatika lote. Daktari ameuliza nilifanya nini. Nikasema nililala vibaya. Akaitazama alama ya kamba kwenye kifundo changu, akaandika jambo kwenye faili. Sasa yeye mwenyewe anashauri kupasua: kwa mtu wa jembe, kano lililokatika lote ni bora lishonwe mapema. Tarehe 16. Nikahesabu wiki sita. Zinaisha 27 Septemba, siku kumi na tatu kabla ya mashindano! Alipoendelea kueleza habari za miezi ya mazoezi baada ya hapo, sikusikiliza sana.

Nimefika nyumbani nikakuta ujumbe wa Mchungaji. Nikiwa mgonjwa, kwaya ataishika Gidioni. Nimekosa hamu ya kula.

Jumatano, 11 Agosti

Nimepata! Isale! Ukimpelekea mtu jani la isale kuomba radhi, hawezi kukukataa. Hata aliyedhulumiwa shamba zima hulipokea. Mababu walifanya hivyo, na sisi watu wa kanisa bado twafanya. Nimemtuma mzee wa ukoo ampelekee Gidioni isale, pamoja na ombi langu kwamba siku ya mashindano nisimame mimi. Amefungika! Ruth ameniuliza kama nimefikiria vizuri.

Ijumaa, 13 Agosti

Sikufikiria vizuri. Isale hupelekwa na mkosaji. Wazee wamekaa uani kwa Gidioni, pombe ya ndizi, mbege, imeletwa, mbege yangu, ndipo wakaniuliza nimemkosea nini mwenzangu. Sikuwa nimeandaa kosa! Macho yote kwangu. Nikababaika, na likanitoka lile la kweli: kwamba mwaka 1971 ni mimi niliyemnong'oneza mchungaji wa zamani kuwa Gidioni huimba akiwa amelewa, ndiyo maana akaachwa kwenye safari ya kwaya kwenda Dodoma.

Kumbe miaka yote mitano hakujua ni nani. Alilishika lile jani, akasema amesamehe. Wazee wakaamua kwamba ili amani ionekane, Gidioni aongoze kwaya mpaka daktari aseme bega limepona, mashindano yakiwemo. Tukanywa kata moja, mimi na yeye. Nimeona aibu. Naliandika hapa kwa sababu hakuna anayesoma.

Jumatano, 18 Agosti

Wodini. Nimepasuliwa juzi. Kano limeshonwa kwenye mfupa, mkono umefungwa kifuani kwa kitambaa. Daktari amesema kazi yake imekwenda vizuri, iliyobaki ni yangu. Sikuipenda sauti aliyosemea hivyo. Kwaya nzima wamekuja kunitazama na chupa ya maziwa. Wameniimbia beti mbili. Gidioni alikuwa anawaonyesha kwa kidole kimoja tu, kwa heshima ya wagonjwa. Nimegeukia ukutani.

Jumatatu, 27 Septemba

Kitambaa kimeondolewa. Mkono umekonda, si wangu. Mama Eliona amesema ndiyo kwanza tunaanza: kwa wiki sita nyingine nisiunyanyue kwa nguvu zake wenyewe, kano bado linashika mfupa. Nitembee nacho kitambaa nikiwa penye watu.

Kwenye chumba chake cha mazoezi yumo Mathayo, mkata miwa kutoka mashamba ya chini. Kano lake lilichanika nusu, wiki ile ile niliyoumia mimi. Hakupasuliwa. Mara kumi asubuhi, mara kumi jioni, basi. Leo amechana nywele mbele yangu kwa mkono ule ule, huku anacheka. Nimempongeza. Sikumpenda.

Jumamosi, 9 Oktoba

Gidioni amekuja. Hakukaa. Amesema kwaya haiimbi, inatoa sauti tu. Wamezoea macho yangu. Basi ameenda mwenyewe kwa wazee na kwa Mchungaji kuwaomba, wamekubali: kesho nisimame mimi. Kumbe wiki nzima amewaongoza kwa mkono wa kushoto ili waizoee ishara yangu! Ameniomba kitu kimoja. Wa kulia ubaki kwenye kitambaa.

Nikamsindikiza mpaka barabarani. Nilitaka kumshukuru. Nikamuuliza kama ng'ombe wake amezaa. Akasema bado.

Lazima ana lake jambo.

Jumapili, 10 Oktoba

Waliimba! Miaka ishirini na mmoja sijawasikia hivyo. Kushoto kwangu kukipanda, wanapanda. Nikifumba macho, wananong'ona. Ruth alikuwa analia pale kwenye benchi la tatu, nami nililia, na jaji mmoja akavua miwani.

Ikabaki Amina ya mwisho. Nikawaza. Mkono huu wa kushoto watu watasema ni kazi ya Gidioni. Amina moja tu, iwe yangu kabisa. Nikautoa wa kulia kwenye kitambaa. Ukapanda! Mpaka usawa wa macho! Gidioni akauona, na katikati ya Amina akapiga kelele, Mwalimu, hapana! Besi wote, watu watiifu, wakaimba maneno yale yale.

Nikausikia mlio begani.

Tumekuwa wa pili. Majaji wameandika kwamba besi waliongeza maneno yasiyokuwemo kwenye wimbo.

Jumatano, 20 Oktoba

Daktari hakunikemea. Ingekuwa afadhali. Amesema hakuna cha kushona tena, kano limejivuta ndani na limechakaa. Kupasua mara ya pili ni kunitesa bure. Nitafanya mazoezi ya kutunza kilichobaki. Mkono utafika kifuani, hautapita hapo. Nimeuliza mpaka lini. Akasema ndivyo utakavyokuwa, mzee wangu. Kunyoosha mbele kwa nguvu, kusukuma, kuvuta, ni mwiko.

Nimekaa kwenye benchi nje ya chumba cha Mama Eliona nikalia kama mtoto. Alitoka, akakaa kando yangu, hakusema methali yoyote. Nyumbani Ruth amenifungua vifungo vya shati.

Gidioni amewaambia wazee hataki kwaya. Niendelee mimi, kwa kushoto, mpaka nichoke mwenyewe. Basi nafasi yangu ipo. Mkono ndio haupo.

Jumapili, 24 Oktoba

Baada ya ibada Mchungaji ametangaza habari kubwa. Marafiki wa Ujerumani wametuletea vyombo vya kupuliza, sanduku zima. Usharika utakuwa na bendi! Vimepangwa mezani, vinang'aa. Wanaotaka wajiandikishe. Gidioni akaenda wa kwanza, akachukua tarumbeta dogo. Watu wakamwekea mikono mabegani, wakacheka naye.

Kuna chombo kimoja kirefu kuliko vyote. Hakuna aliyethubutu kukigusa. Kinaitwa tromboni. Mchungaji ameeleza kinavyochezwa: kushoto kunashika, kulia kunasukuma bomba mbele mpaka mkono unyooke wote, kisha kunalivuta nyuma, haraka haraka, wimbo mzima.

Nimeandikisha jina langu. Mazoezi ni Jumanne. Ruth bado hajui.