Kiini cha Mashine ya Shangazi

Jumatatu, 9 Juni

Mashine ya kudarizi ya shangazi imegoma. Skrini inasema muda wa leseni umekwisha, tuwasiliane na mtengenezaji. Mtengenezaji gani? Kampuni ilishakufa zamani. Shangazi kapiga namba iliyobandikwa ubavuni mwa mashine, kapokea muuza magodoro. Mtu mkarimu, kamtajia hadi ukubwa wa mito.

Balaa lenyewe ni makoti arobaini ya wauguzi. Kila moja lidariziwe jina la mwenyewe kifuani, yawe tayari Jumamosi saa nne asubuhi. Matroni kasema wazi kwamba yakikosekana, kazi hii na zote zijazo anazihamishia kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, yule mwenye bango la taa. Shangazi akimpoteza matroni, anafunga kibanda. Nami nitakula kwa nani?

Nikasimama katikati ya chumba nikatangaza kwamba nitaifungua mimi. Nilisoma kompyuta mwaka mzima na nusu, kisha nikaacha chuo. (Chuo kinasema kiliniacha mimi. Tumekubaliana kutokubaliana.)

Binti wa shangazi, tunamwita Kamusi, kaniuliza kama najua ninachotaka kufungua. Kiburi tu! Eti kwa kuwa yeye bado yuko chuoni.

Jumanne, 10 Juni

Maelezo kwa vizazi vijavyo. Ndani ya mashine kuna kompyuta ndogo. Ndani ya kompyuta kuna mfumo endeshi. Ndani ya mfumo kuna kiini, na huyo ndiye bwana mkubwa, sindano haishuki bila ruhusa yake. Waliokiandika waliondoka na msimbo chanzo, yaani yale maandishi ambayo mwanadamu anaweza kuyasoma. Sisi wametuachia namba tupu, laki tisa na ushei. Kazi yangu ni kurudi kinyumenyume kutoka kwenye namba hadi kwenye akili ya aliyeziandika. Ni kama kufumua gauni gizani ili ujue fundi alianzia mshono upi.

Nimechomoa kadi ya kumbukumbu nikaichomeka kwenye laptopu ya Kamusi (kakubali kwa masharti saba). Nikafungua programu inayogeuza namba kuwa amri. Amri zenyewe fupi: chukua, linganisha, ruka. Nimezikodolea macho saa nzima. Nimeelewa "ruka".

Kamusi kashauri tutoe nakala ya kadi kwanza, kisha tubadilishe baiti moja, yaani namba moja kati ya hizo laki tisa, tujaribu, tuandike daftarini, ndipo twende ya pili. Nimemwambia kwa mwendo huo wauguzi watastaafu. Katoa nakala hata hivyo. Daftari lake lina wino wa rangi tatu!

Jumatano, 11 Juni

Nimeipata! Karibu na yale maneno ya leseni kuna sehemu tano zinazosema linganisha, halafu ruka. Zinafanana kama mapacha. Moja ndiyo mlinzi wa leseni. Ipi? Mtu wa kawaida angechunguza. Mimi nimezigeuza zote tano. Iliyosema endelea kama mambo ni sawa, sasa inasema endelea kama si sawa.

Nikarudisha kadi, nikawasha. Imewaka! Nimecheza hadi ukutani. Shangazi kaniita mwanangu mara tatu. Nimevuka barabara kumshauri fundi wa ng'ambo atafute kazi nyingine.

Mchana, tatizo dogo. Mashine ina kihisi cha uzi, ili uzi ukikatika isimame. Kumbe mmoja wa wale mapacha watano ndiye msimamizi wake. Sasa ukiweka uzi, inasimama na kulalamika. Ukiutoa, inadarizi kwa furaha. Nimelijua hilo baada ya koti la kwanza, la matroni mwenyewe. Jina lote lipo, herufi safi, za matundu. Nimemweleza shangazi kwamba linapitisha hewa.

Kalipeleka koti dirishani. Mwanga ukapita katikati ya jina.

"Mwanangu," kasema, "nilikupa koti, umenirudishia chujio."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Alhamisi, 12 Juni

Akili haichoki. Kama kihisi hakitaki kuona uzi, kisiuone! Nimeupitisha uzi pembeni, mbali na jicho lake. Mashine ikadhani haina uzi, ikadarizi vizuri kabisa. Kamusi alitaka turudishe nakala ya kadi tuanze upya. Shangazi kasema muda hakuna, kazi iende. Sharti moja tu: mtu akae autazame uzi, maana ukikatika mashine haitajua.

Mtu huyo ni mimi. Kichwa kama hiki, kutazama uzi!

Kufikia saa sita, makoti kumi na manne. Nikamwona fundi wa ng'ambo kibarazani kwake. Nikavuka kumwambia neno moja. Yakawa mengi. Niliporudi, koti la muuguzi wa meno lilikuwa na jina nusu uzi, nusu matundu.

Shangazi kaniambia ninyanyuke kwenye kiti. Kamusi kakaa. Hakunitazama hata, kawasha laptopu tu.

Ijumaa, 13 Juni

Kamusi karudisha nakala, mashine ikagoma kama mwanzo. Mapacha wangu watano wote wamefutwa. Kasoma namba tangu jana mchana, kaona kwa upande wa leseni kiini kinafanya jambo moja tu: kinachukua tarehe kwenye saa ndogo ya ndani, kinailinganisha na siku ya mwisho wa leseni. Saa yenyewe inaishi kwa betri moja ya duara kama kifungo cha shati.

Kaitoa betri.

Mashine imeamka ikidhani ni mwaka ule ilipozaliwa. Leseni mbichi! Hakugusa hata baiti moja. Nimewaambia hata mimi nilikuwa njiani kufika hapo. Shangazi kasema njia hiyo ni ndefu.

Kufikia jioni makoti thelathini na manane yako tayari. Yamebaki mawili yenye matundu, na kitambaa cha kubadilishia hakuna.

Jumamosi, 14 Juni

Asubuhi shangazi kashona mifuko miwili kwa vipande vilivyobaki, kaibandika juu ya matundu, kadarizi majina upya juu ya mifuko. Saa nne kamili, matroni. Kavaa lake. Katia kalamu mfukoni, katia mkasi, katia saa yake.

"Wenzangu mbona hawana mifuko?" kauliza.

Shangazi, bila kupepesa macho, kasema inafuata. Matroni kataka iwe tayari Jumatano, tena ataleta na makoti ya wodi ya watoto. Kibanda kimepona!

Nimemkumbusha shangazi kwamba bila matundu pasingekuwa na mifuko, na matundu ni ya nani? Kanipa sindano, uzi na mifuko thelathini na minane. Kwa mkono.

Jumapili, 15 Juni

Mifuko minne tayari. Miwili, kwa bahati mbaya, nimeishonea kwenye suruali yangu.

Shangazi na Kamusi wametoka. Mashine imekaa tu, haina kazi. Ni haki hiyo? Nimefungua kiini, nikapata baiti inayoamua mwendo wa mota. Safari hii nimekuwa mtu makini, nimebadilisha moja peke yake. Ilikuwa nne. Nimeweka mia mbili.

Imewaka! Naandika nimesimama, kwa kuwa meza imeondoka. Inaelekea mlangoni, na mashine juu yake. Nasikia sauti ya shangazi nje. Nitamwambia tumetoka kumpokea.