Yah: Nyama Kuwahi Kuiva Mringaringa Baa

Ephraimu, Fundi Saa,
Moshono, Arusha.

Kwa Mzee Elihuruma,
Mwenye Mringaringa Baa,
Olmotonyi.

Mzee wangu, shikamoo.

Kwa masikitiko makubwa, na baada ya kushauriana na watu wazima wenzangu wa meza namba tatu, natangaza rasmi kwako kwamba Jumamosi iliyopita, saa kumi na dakika ishirini na tatu alasiri, katika baa uliyoijenga kwa mikono yako mwenyewe, kilo moja na nusu ya mbuzi wa kuchoma ilifika mezani ikiwa imeiva. Iliagizwa saa kumi kamili. Mimi ni fundi saa, sikukisia.

Najua ukifika hapo utadhani nimeandika kukupongeza. Tulia, Mzee, vuta kiti. Tangu upande Olmotonyi kupumzika ukamwachia binti yako Anneth usimamizi, huu ni mwezi wa nne, baa inakwenda vizuri kupita kiasi, na uzuri huo umenifikisha pabaya. Sifael, jirani yangu wa miaka kumi na tisa, hajanisemesha kwa wiki kumi na moja. Bintiye Aikande anaolewa mwisho wa mwezi huu. Mimi ndiye baba yake wa ubatizo, nilimshika akiwa na kilo nne akanilowesha suti, na mpaka naandika haya sijaletewa kadi.

Enzi zako jambo la namna hii lilikuwa linamalizwa Mringaringa mchana mmoja tu, kabla mbuzi hajaiva. Leo haliwezekani. Nitakuonyesha kwa hoja zenye namba, usije ukasema naropoka.

1. Muda wa nyama.

Enzi zako mchomaji alikuwa Godbless. Mtu akiagiza, Godbless kwanza alimtazama kwa huruma, kama mtu anayepokea habari za msiba. Kisha alikwenda kutafuta mkaa. Mkaa ukipatikana ulikuwa umenyeshewa. Ukikauka, kiberiti kilikuwa kwa jirani. Kiberiti kikirudi, Godbless naye alikuwa amekifuata kwa njia nyingine. Wastani wake, niliouchukua kwa miaka sita kwa saa za wateja wangu nilizokuwa nazijaribu, ulikuwa saa mbili na dakika arobaini.

Watu wa kuja waliuita uzembe. Sisi tulijua ni baraza. Waliogombana walikalishwa meza moja, wakaagiza, na kuanzia hapo hakuna aliyeweza kuondoka kwa hasira, kwa sababu mbuzi wake yuko motoni. Saa ya kwanza kila mmoja alieleza jinsi alivyo na haki. Saa ya pili alinyamaza, maana tumbo nalo lilikuwa linaeleza lake. Halafu mafuta yakaanza kudondokea mkaa, ile harufu ikaja mpaka mezani, na hapo ndipo mtu mzima mwenye shahada na kiwanja alipoinamisha kichwa akasema unajua, na mimi nilikosea kidogo.

Unamkumbuka Kandida na wifi yake, waliogombea cherehani kwa miaka miwili, wakashindwa kupatanishwa na mchungaji, na padri, na mjumbe wa nyumba kumi. Kwa Godbless walimaliza kabla figo hazijaiva. Unawakumbuka wale madereva wawili waliogongana barabarani wakaingia wameshikana mashati. Walitoka mmoja ameahidi kumbatizia mwenzake mtoto, na mtoto alikuwa bado hata hajatungwa mimba. Mwenyekiti wa vikao hivyo alikuwa ndugu yetu Kishor wa vipuri vya magari, ambaye hajaonja nyama tangu azaliwe. Yeye aliagiza ndizi za kuchoma, zikaiva, akala, akabaki peke yake na akili timamu. Ndiyo maana aliamua kwa haki.

Sasa Anneth, na cheti chake cha hoteli, anawasha jiko saa nne asubuhi, kabla hata hatujagombana.

Mji wetu huu, Mzee, watu wametoka nchi za mbali kuja kupatanishwa hapa. Walikaa mahotelini miezi na miezi. Sijui walikuwa wanakula nini, lakini nina hakika kilikuwa kinachelewa.

2. Sahani.

Zamani sinia lilikuwa moja, kisu kimoja, chumvi rundo moja na pilipili pembeni. Huwezi kumdharau mtu aliyeshika kisu pekee kilichopo mezani. Lazima umwombe akukatie, na akikukatia lazima useme ahsante, na ukishasema ahsante ugomvi umeshapata ufa. Sasa kila mtu analetewa sahani yake, uma wake na kisu chake, na juu kuna karoti iliyochongwa ikawa ua. Mimi nina umri wa miaka hamsini na nane. Ua la karoti nilifanyeje? La kwanza nilimpelekea mke wangu. Aliniuliza nimefanya nini.

3. Viti.

Lile benchi lako refu limeondolewa, vimeletwa viti vyenye mgongo na mito. Tatizo la kiti chenye mgongo ni kwamba mtu anaweza kuegemea nyuma akakutazama kwa mbali, kama hakimu. Kwenye benchi, hilo halikuwepo. Tena benchi lile, kama unavyolijua, aliyekaa mwisho akinyanyuka bila taarifa, wa upande wa pili anakwenda chini na bia yake. Kwa hiyo hata maadui walilazimika kuambiana nasimama, na mwenzake kujibu haya, simama. Hayo tayari ni maongezi.

4. Choo.

Naomba radhi kuligusa hili katika barua ya heshima. Choo sasa kina komeo, kina taa, kina kioo, na kuna sabuni yenye harufu ya maembe. Zamani mlango ulikuwa haufungi, na mtu asingeweza kwenda bila mwenzake wa kuushikilia kwa nje. Nawaambia vijana hawanielewi: huwezi kumchukia mtu uliyemshikia mlango ule. Na yeye hawezi kukusema vibaya, kwa sababu anajua unaweza kuuachia.

5. Adabu ya meneja mwenyewe.

Hapa ndipo niliposhindwa kabisa. Mara tatu nimekwenda kaunta nimejiandaa kumfokea. Mara tatu amesimama, amepiga goti kidogo kama mlivyomfundisha, akasema shikamoo baba, leo umechoka, kaa nikuletee maji. Mtu ufanyeje? Nilikaa. Niliyanywa. Yalikuwa na limao.

Na adabu hiyo imejaza baa. Wanakuja watu wa Njiro na magari yao, wanakuja mabinti wa benki, wanakuja vijana wanaopiga picha sahani kabla ya kula kama wanaiombea pasipoti. Jumapili moja nimefika nikaambiwa nisubiri kiti. Nikafurahi, nikajua angalau kuna kitu cha kusubiri Mringaringa. Kikapatikana baada ya dakika nne.

Sasa fuatana nami taratibu uone tunakoelekea. Mtaa usiopatana baani utapeleka kesi zake kwenye kata. Kata itaelemewa, itazipandisha mahakamani. Mahakimu watakaa kusikiliza kesi za kuku na mifereji mpaka wachoke. Mahakimu wakichoka watataka mahali patulivu pa kupumzika, na watu watawaelekeza wapi? Mringaringa, kwa Anneth, huduma nzuri. Watahudumiwa kwa dakika ishirini na tatu na kurudi kazini wakiwa bado na hasira. Hapo, Mzee wangu, hakuna nchi tena.

6. Sifael.

Nimeliweka mwisho kwa sababu ndilo linaloniuma, hayo mengine ni ya umma.

Sifael aliamua kujenga ukuta wa tofali kati yake na mimi, akang'oa masale yote ya mpakani. Wewe ni mtu wa mlimani, sina haja ya kukufundisha. Sale ndiyo mpaka, na sale hiyo hiyo ndilo jani ambalo mtu anamchukulia aliyemkosea anapokwenda kuomba radhi, na ukiletewa huwezi kukataa. Sifael akang'oa mstari mzima mpaka mizizi. Yaani kwa asubuhi moja amenikosea na papo hapo ameharibu vifaa vyote vya kuniomba radhi. Sijawahi kuona kosa lililokamilika namna hiyo.

Na mimi, kwa kuwa nakuandikia ukweli, nilisema mbele ya mafundi wake kwamba ukuta umepinda. Umepinda kweli, nimeupima. Lakini si kitu cha kumwambia mtu mbele ya mafundi anaowalipa.

Tangu siku hiyo kila Jumamosi tunakaa meza ile ile namba tatu, kwa sababu hakuna anayekubali kumwachia mwenzake. Kishor anakaa katikati na ndizi zake. Kila Jumamosi najiambia leo itakuwa leo. Tunaagiza. Sifael anatazama mlima, mimi natazama saa. Dakika ya kumi anakohoa. Dakika ya kumi na tano nakohoa mimi. Dakika ya ishirini naona kabisa uso wake umeanza kulainika, na ya ishirini na tatu zinatua sahani, karoti zikiwa juu, na kila mtu anainama kwenye yake.

Wiki mbili zilizopita tulikaribia kabisa. Sahani zilikuwa zimeshafika, lakini Sifael hakuinama. Aliweka uma chini, akanigeukia, akasema, "Ephraimu." Wiki tisa sikuwa nimelisikia jina langu kinywani mwake. Kishor akaacha kutafuna. Mimi nikaanza kupanga la kujibu, nikaamua nitaanza na ukuta, niseme labda kipimo changu ndicho kilichopinda. Anneth akatokea na bakuli la kachumbari kwa hisani ya baa, akauliza kama kila kitu kiko sawa, wazazi wangu. Tukasema kiko sawa. Sifael akachukua ubavu akaufunga mdomo wake nao. Hajaufungua tena.

Hivi unaelewa binti yako amefanya nini? Aikande ataingia kanisani baba yake wa ubatizo akiwa amekaa nyumbani na suti, kwa sababu kachumbari iliwahi.

Kwa hayo yote naomba yafuatayo, na siombi makubwa. Anneth asifukuzwe, ni mtoto mzuri, bali atafutiwe hoteli kubwa mbali na Moshono, anakostahili. Godbless arudishwe, na kiberiti kibaki kwa jirani. Benchi litolewe stoo. Choo kibaki kama kilivyo sasa lakini komeo ling'olewe. Na kama hayo yote ni mazito, basi naomba kwa unyenyekevu Jumamosi moja tu ambayo nyama itachelewa, isizidi saa mbili na nusu, meza namba tatu, kabla ya mwisho wa mwezi.

Watu tisa wamesaini nyuma ya karatasi hii. Kishor anasema malalamiko ya baa hayana uzito bila sahihi kumi. Wa kumi nitamtafuta kesho.

Msalimie sana Mama Anneth, mwambie ile saa yake ya ukutani iko tayari, ilikuwa haina ugonjwa, ilikuwa imegeukia ukutani tu. Wasalimie wajukuu, wasalimie wale vijana wa chuo cha misitu wanaokuombaga maji, na ng'ombe nao kama wananikumbuka. Sisi huku hatujambo, tumeshiba mapema.

Ni mimi ninayekuheshimu na ambaye ningependa kusubirishwa,

Ephraimu, Fundi Saa.

Nyongeza: Mzee, barua naituma kama ilivyo kwa kuwa watu tisa wameshasaini na karatasi ni nzuri, ila kuna jambo limetokea. Mtaa mzima nilikosa mtu wa kumi, wote wanampenda Anneth. Leo mchana nikajikaza nikaenda kwa Sifael, nikampitishia barua juu ya ukuta, pale ulipopinda, ni pafupi zaidi. Aliisoma yote akiwa amesimama. Alipofika namba sita alirudia mara mbili. Kisha akaniambia siku ile aliponiita jina alikuwa anataka nimsogezee chumvi. Nikamuuliza mbona hukusema. Akasema angesemaje na mimi nilikuwa nimeshatoa machozi. Nikamwambia ilikuwa pilipili. Tulicheka mpaka mke wake akatoka nje kutazama nani amekufa. Tukaongea hapo hapo, yeye upande wake na mimi wangu, saa moja na dakika kumi, wala hakuna aliyekuwa ameagiza chochote. Kadi ilikuwa kwenye kabati lake tangu mwezi uliopita, jina langu limeandikwa, alikuwa anasubiri nikaichukue. Amesaini namba kumi. Kutoka kwake mpaka Mringaringa ni mwendo wa dakika tisa, na njaa inatuuma. Tumempigia Anneth simu, amesema tukifika nyama itakuwa mezani.