Kichwa Kipya cha Telegramu

Jumatatu, 4 Machi 1974
Waraka umefika hapa posta. Kichwa cha telegramu kinabadilika. Zamani jina la mpokeaji lilitangulia, la mtumaji likafuata. Sasa mtumaji mbele! Ofisi zote zianze pamoja mwezi wa Aprili. Aprili? Taifa linakimbia, sisi tungoje Aprili? Mimi Rehani naanza leo. Korogwe nzima itajua karani wa kisasa ni nani, na Mzee Kibwana wa Kilole atasikia kabla sijamposa binti yake. Mhina, mwenzangu wa meza ya pili, kaniuliza je, Handeni hawatadhani mtumaji ndiye mpokeaji, maana wao bado wanafuata mpangilio wa zamani. Wivu tu.

Jumanne, 5 Machi
Alhamdulillahi! Mzee Kibwana atapokea posa ya binti yake Mwantumu Ijumaa hii. Sharti mjomba wangu aje mwenyewe. Kwetu Wazigua, bila mjomba posa haiendi. Nimempigia telegramu Handeni, kichwa kipya, maridadi: NJOO IJUMAA USIKOSE.

Jumatano, 6 Machi
Makubwa! Telegramu kutoka Handeni. Kwa kichwa chao cha zamani, mpokeaji mimi, mtumaji mjomba: NJOO IJUMAA USIKOSE. Maneno yangu yale yale! Kumbe mzee anataka nimfuate kwanza, kwa adabu. Haya, mkubwa ni mkubwa. Mhina alitaka kunieleza jambo, kicheko kikamzidi. Sikumsikiliza.

Ijumaa, 8 Machi
Basi, vumbi, Handeni. Mjomba hayupo! Kaenda palizi shamba la kijiji. Mkewe kaapa hakuna telegramu iliyoingia wala kutoka. Uzee huo, mumewe kasahau hata kumwambia. Kanisihi nimwachie ujumbe. Wa mdomo? Mimi, mtu wa telegramu? Nimerudi nimenuna. Huko Kilole pilau limepoa wakinisubiri. Mwantumu amelia. Nami nimelia, chooni.

Jumamosi, 9 Machi
Nimeenda kuomba radhi. Shikamoo yangu imeitikiwa kwa shida. Mzee Kibwana ana huruma lakini: nimepewa Ijumaa moja zaidi. Mjomba asipoonekana, Mwantumu anaolewa na mwingine, kijiji cha Mpale. Nampenda mno jamani! Mhina kajitolea kupanda basi amlete mjomba. Nimemshukuru, nimekataa. Mambo ya kale hayo.

Jumatatu, 11 Machi
Nimetuma tena. Kichwa kipya, nimekigonga polepole, hata mtoto angeelewa: NJOO IJUMAA HII NI YA MWISHO.
Jioni jibu limeingia. Mjomba ananiita, anasema Ijumaa hii ni ya mwisho. Masikini, kumbe naye amechoka kunisubiri!
Nimeshakata tiketi ya Handeni.