Salamu Kamili za Patient

Jumapili, 4 Mei 2014
Siku njema. Baada ya ibada nilikalia kiti changu nje ya kanisa, nikasoma barua pepe saba. Tangu 2008, kila Alhamisi natoka hapa Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi, kwenda mjini Mbarara, kwenye kafe ya intaneti ya Shafiq pale mtaa wa Nyamityobora. Napeleka maneno ya wazazi, narudi na majibu ya watoto walio ng'ambo, yamechapwa. Mama Mukashema aliomba ya mwanawe Patient, aliye Norwe, isomwe mara mbili. Patient anaulizia goti la mama. Anaulizia na kuku mwekundu. Watu walipangusa macho.

Siri yangu na daftari hili: Patient aliandika maneno sita. Niko mzima. Baridi kali. Salimia wote. Goti na kuku ni vyangu. Naona aibu kumpelekea mama wa watu karatasi tupu.

Jumatatu, 5 Mei
Balaa. Eliane, muuza dagaa, kaletewa simu ya kupangusa. Ina WhatsApp. Mtoto anaongea huko, mama anamsikia hapa. Bila gari, bila karatasi, bila mimi! Nimemwambia kwa upole kwamba mambo haya ya kisasa huja na kupita. Akaniuliza kama barua pepe haikuwa ya kisasa. Sikuipenda sauti yake.

Jumanne, 6 Mei
Nimetangaza kwenye bomba la maji kwamba sauti ikipita kwenye simu huchakaa njiani, haifiki yote. Mzee mmoja akauliza mbona ya redio haichakai. Nikasema redio ni ya serikali. Walikubali haraka kuliko nilivyotegemea.

Alhamisi, 8 Mei
Mtaalamu haachwi nyuma. Nimekwenda kwa Shafiq kujifunza WhatsApp. Kafe tupu. Akanijulisha kwamba simu yangu ya tochi haiwezi, na kwamba anafunga mwisho wa mwezi, wateja wote wamehamia kwenye simu. Nilimhurumia. Wengine hawajui kusoma alama za nyakati. Nimenunua printa yake, na kompyuta moja kuukuu.

Jumamosi, 10 Mei
Nimeumbuka. Mama Mukashema alimtumia Patient sauti: kuku mwekundu ametaga. Jibu likaingia kwenye simu ya Eliane mbele ya watu kumi: "Kuku gani? Miye muzima. Salimia bote."

Wote wakanigeukia. Nikakumbuka ghafla kwamba nimeacha maharage motoni. Nyumbani Apolline, mke wangu, akauliza maharage gani.

Naogopa kesho. Kiti kitakwenda, najua. Ila kinachoniuma zaidi ni mama yule kuniona mwongo.

Jumapili, 11 Mei
Baada ya ibada Mama Mukashema alinijia moja kwa moja. Nikasimama kuomba msamaha. Akaniamuru nikae, kisha akasema, watu wote wakisikia: "Papa Léopold, Patient nilimuzala miye. Tangu mutoto, maneno yake haipite sita. Ile ya kuku nilijua ni yako."

Akaeleza kwamba sauti ameipata kwa Eliane, Mungu ambariki, nayo ni sauti ya mwanawe kweli. Lakini karatasi bado anaitaka, kwa sababu Patient ana mengi moyoni na hajui kuyasema. Kwa hiyo Eliane awashe sauti kwanza, halafu mimi nisome kamili. Nimefurahi mpaka sasa hivi ninapoandika.

Apolline kanionya nisizidishe. Nimeapa.

Jumapili, 18 Mei
Printa imekubali, baada ya kuiunganisha na jenereta ya kinyozi. Imegoma mara mbili tu. Eliane akawasha sauti ya Patient: maneno matano. Nikasoma kurasa mbili. Kwenye ukurasa wa pili Patient anashangaa, tena kwa uchungu, kwa nini Papa Léopold, aliyewatumikia wazazi miaka sita, bado anakalia kiti kisicho na mikono.

Mama Mukashema alicheka mpaka akashika goti. Eliane akasema siku hizi kuna simu za kuonana uso kwa uso, atatafuta, tumwone Patient akiyasema hayo mwenyewe.

Sina wasiwasi. Mambo haya huja na kupita. Nimeagiza wino wa kutosha miaka mitatu.