Ruta ya Mama Mkwe

Jumanne, 4 Novemba

Nimeamua. Katika nyumba hii ya Bawshar lazima niheshimiwe. Tunakaa kwa mama mkwe wangu, Bi Ghaliya, na mwenye sauti juu ya intaneti ni shemeji yangu Safwan, mdogo wake mke wangu, eti kwa kuwa kasomea mitandao. Mimi nauza mapazia sokoni Ruwi. Kwani pazia si kazi? Kila jioni Safwan anacheza mpira wa kwenye skrini, simu yangu inazunguka kama pia. Leo ruta, kile kisanduku cha kugawa intaneti, imeleta habari: kuna toleo jipya la programu. Lina kipaumbele! Unachagua kifaa kimoja, kinapita mbele ya vyote. Allahu akbar! Kifaa hicho ni changu.

Jumatano, 5 Novemba

Safwan kasema tusiiguse ruta mpaka asome mapungufu yanayojulikana ya toleo hilo. Nikamuuliza, kama wanayajua, mbona hawajayaondoa? Akakosa jibu. (Alikuwa anatafuna.) Mke wangu Nasriya kacheka. Kacheka upande wangu, nna hakika.

Alhamisi, 6 Novemba

Safwan kazini. Nimebonyeza! Ruta ikauliza kama nimesoma maelezo. Nimesoma. Nimesoma neno “Kubali”. Taa zikazimika, zikawaka. Nikaiweka simu yangu mbele ya wote. Ushindi!

Baada ya Alasiri, Safwan karudi: si ushindi. Simu imeganda. Mashine ya michezo ya Safwan inaruka kama swala. Kumbe toleo hili huchanganya majina ya vifaa, na kipaumbele changu kimemwendea yeye! Nikataka kurudi toleo la zamani. Haiwezekani, ukishapanda hushuki. Yote yameandikwa kwenye maelezo. Wangeyaandika kwa herufi kubwa!

Ijumaa, 7 Novemba

Kila Ijumaa Bi Ghaliya huzungumza na dada yake, Bi Muhsina, aliyeko Unguja. Hana simu, ana tableti yake kongwe. Leo kavaa kanga mpya, kafukiza udi, kakaa. Hakuna mtandao. Toleo jipya halipokei vifaa vya zamani. Kaniuliza kama Muhsina kamkasirikia. Nikasema labda Unguja umeme umekatika. Akaendelea kukaa pale pale mpaka Magharibi, tableti mapajani. Sikujisikia vizuri. Nikala sambusa.

Jumamosi, 8 Novemba

Magari yamejaa getini! Bi Muhsina jana kapiga wee, kimya. Kamtafuta Nasriya, kimya, maana simu yake nayo ni kongwe, haina bando, inategemea ruta hii hii. Basi kaamua dada yake kafa na sisi tunamficha. Kawaarifu jamaa zao wa mtaa wa Bustan, nao wamekuja na sufuria la wali wa msiba, macho mekundu. Mlango kaufungua Bi Ghaliya mwenyewe.

“Nani kafa?” akauliza.

Binamu yao Buthaina akaangusha kawa la kufunikia wali.

“Mbona mwanitazama hivyo? Nambieni, nani kafa?”

Hakuna aliyethubutu. Basi naye akaangua kilio, bila kujua anamlilia nani.

Safwan kaitazama ruta, kisha kanitazama mimi. Nikasema kampuni ndiyo iliyoibadilisha. Akageuza simu yake watu waone kumbukumbu za ruta: aliyekubali ni mimi, jina langu mpaka la babu. Nikasogea nyuma ya sufuria.

Safwan akafungua mtandao wa pembeni kwa vifaa vya zamani. Bi Muhsina akatokea kwenye tableti. Walitazamana tu, wazee wale. Mwisho Bi Ghaliya akasema, “Nnaishi, Muhsina. Nnaishi, usinizike.” Wakalia wote. Hata mimi. Wali ulikuwa mtamu.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimefikiri sana. Bila mimi, jamaa wa Bustan wangekuja lini? Ukoo umekutana, hakuna aliyenishukuru. Safwan kabadilisha neno la siri la ruta. Wivu!

Leo Nasriya kanipa gari lake jipya nimpeleke Mama, Bi Ghaliya, akapime macho. Tumefika, tukaegesha, na skrini ya gari ikasema ina programu mpya. Ikaniomba nisome kwanza. Kurasa na kurasa! Mama kaniuliza ni nini. Nikamwambia atulie, mambo haya mimi nayajua.

Nimebonyeza. Naandika haya humu humu garini. Milango imejifunga yenyewe, haifunguki, na Mama kando yangu anagonga kioo. Taa zinapendeza sana.