Kifuniko cha Kuvuta Mawimbi ya Jirani

Tapeli hodari hamtafuti mjinga. Mjinga akilizwa huleta baba, mjomba na polisi. Tapeli hodari humtafuta mtu mwenye tamaa kidogo na haya nyingi, kwa sababu mtu aliyeumwa na nyuki wa mzinga aliokwenda kuuiba hulia kimya kimya.

Hiyo ndiyo elimu aliyokuwa nayo bwana mmoja aliyeitwa Mafuta, kwa jinsi maneno yake yalivyoteleza. Alasiri hiyo alikuwa akishuka ngazi za jengo moja la ghorofa, mkoba begani, ametoka kukusanya malipo ya mwisho, aliposikia sauti ya mwanamke nyuma ya mlango.

"Zunguka tu, mwanangu. Zunguka kama mbuzi wa kamba. Harusi saa kumi, na wewe kazi yako kuzunguka."

Mafuta alisimama. Hakuna mtoto anayegombezwa hivyo. Ile ilikuwa televisheni iliyokosa mtandao, na kwa Mafuta televisheni iliyokosa mtandao ilikuwa shamba lililoiva.

Wiki nzima alikuwa akivuna katika jengo hilo. Bidhaa yake ilikuwa kifuniko cha sufuria kilichopakwa rangi ya dhahabu, kikafungwa waya mmoja kwa ajili ya heshima. "Hiki," alikuwa akinong'ona mlango kwa mlango, "kinavuta waifai ya majirani inayolala bure. Ila usimwambie mtu. Wakijua, nao watavuta ya kwako." Karibu kila nyumba ilinunua, na kila nyumba ilitunza siri kwa uaminifu mkubwa.

Alipanga uso wake vizuri, akabisha.

Mlango ulifunguliwa na mama wa makamo, futi ya kupimia nguo shingoni, gauni jipya mwilini. Ndani palikuwa na cherehani, viti vilivyopangwa kama vya mkutano, na televisheni kubwa ukutani yenye kiduara kinachozunguka.

"Shikamoo, mama. Nimepita tu, nikasikia chombo kinakusumbua. Mimi ni fundi."

"Marahaba, baba. Umekula?"

Mafuta alikuwa na jibu la kila swali duniani isipokuwa hilo. "Nimekula, mama," alisema, na tumbo lake likamkanusha kwa sauti. Mama Mshonaji akamwekea mkate na chai bila kusema zaidi.

Alipomaliza kula, Mafuta aliigusa televisheni paji la uso, kama daktari. "Imepata baridi ya mawimbi."

"Maskini. Imeipata wapi?"

"Inaingia hivi hivi, mama. Hata kwa watu safi." Akatoa kifuniko mkobani, akakishika kwa mikono miwili.

Mama Mshonaji alikitazama kwa muda, kwa upole, kama mtu anayekutana na sura anayoijua. "Kizuri," alisema. "Tena kimeviringana sawasawa. Lakini mimi, baba, humlipa fundi kazi ikishaonekana. Binti yangu anaolewa leo, ng'ambo huko, na harusi inarushwa moja kwa moja. Mguu huu ulinikatalia safari. Gauni lake nimelishona mimi, kwa vipimo alivyonisomea kwenye simu, nikalituma kwa posta. Sijaliona mwilini mwake. Bega la kushoto linaninyima usingizi."

"Bega?"

"Lake la kushoto liko chini kidogo tangu azaliwe. Hajijui. Ni mimi tu ninayejua. Nikiliona limekaa, nitakulipa bei ya hicho kifuniko na shukrani juu yake."

Sasa, Mafuta alikuwa na siri moja aliyoificha kuliko zote: kazi aliijua. Alikuwa fundi wa kweli kabla hajagundua kwamba kusema kunalipa kuliko kutenda. Akajipigia hesabu ya haraka. Ataitengeneza kweli, sifa atakipa kifuniko, kisha ataaga.

"Ruta iko wapi, mama?"

"Mahali pazuri kabisa." Akafungua kabati la vyombo. Kisanduku cha mtandao kilikaa katikati ya sinia za bati, nyuma ya birika la wageni, kimefunikwa kitambaa kilichodariziwa maua. Taa zake zilimulika kwa unyonge chini ya kitambaa.

Mafuta karibu alie kwa huruma. Mawimbi gani yangetoka humo, yavuke bati, mlango na maua? Lakini alisema, "Kifuniko changu kinataka ruta ikae nje, juu, ipate hewa."

"Basi nafasi imepatikana." Mama Mshonaji alimpa Mafuta ruta mikononi, akachukua mkoba begani mwake, akauweka pale ilipokuwa ruta, akafunga kabati na kutia ufunguo kifuani. "Leo nina wageni wengi, baba. Wageni nao ni binadamu. Mali yako isije ikapotea nyumbani kwangu."

Mkoba ule ulikuwa na makusanyo yote ya wiki. Mafuta alilitazama tundu la ufunguo, kisha akaigeukia ruta.

Basi alifanya kazi. Aliiweka ruta juu ya kabati, mbele ya televisheni. Aliizima, akasubiri, akaiwasha. Aliiambia televisheni isahau mtandao wa zamani, kisha akauunganisha upya. Kiduara kilitoweka, na ukumbi wa mbali ukaonekana, wenye maua meupe na watu wakikaa. Mama Mshonaji alishika futi yake kwa mikono miwili.

Kisha picha ikaganda, bwana mmoja amebaki na mdomo wazi katikati ya mwayo, na kiduara kikarudi.

Mafuta aliingia kwenye ruta kwa simu yake akaangalia wanaoitumia. Alishangaa. "Mama, humu mna watu kama sokoni. Nani amewapa neno lako la siri?"

"Mimi. Kinyozi wa juu, mtoto wake alipolazwa, alitaka kumwona kwa simu. Mwalimu wa hesabu, kwa masomo yake. Wengine sikumbuki. Mtu akiomba maji unamuuliza ya nini?"

Mafuta alikaa kitini. Wiki nzima aliwauzia watu vifuniko vya kuvuta waifai ya majirani, kumbe walikuwa wanakunywa kutoka kisima kimoja, na mwenye kisima amewakaribisha.

"Tubadilishe neno la siri, tuwatoe wote."

"Harusini hatutoi watu, tunaingiza. Nenda ukawabishie. Waambie wazime kwa saa moja, waje tutazame pamoja. Wewe una miguu."

Akapanda. Kinyozi alifungua mlango, akamwona, akatabasamu kwa meno bila macho.

"Fundi. Kile kitu chako."

"Kina nini, kaka?"

Kinyozi alitazama ngazi. Mwalimu wa hesabu alikuwa amechungulia mlango wa pili. Kusema kifuniko hakivuti ni kukiri kwamba alitaka kivute. "Hakina kitu," alisema Kinyozi. "Kinang'aa vizuri."

"Changu pia," alisema Mwalimu, kisha akajikohoza. "Yaani, nasikia vinang'aa."

"Mama Mshonaji anawaita harusini. Mzime waifai mje."

Hakuna mlango uliomshutumu. Kila mlango ulimtazama kama deni.

Saa kumi chumba kilijaa. Picha ilitulia kama maji ya mtungini. Bibi harusi aliingia, na Mama Mshonaji hakutazama uso, hakutazama maua. Alitazama bega. Gauni lilikaa. Kushoto na kulia vilikuwa sawa kabisa, kana kwamba Mungu mwenyewe alikuwa amerudi kusahihisha. Binti aliinua macho kuelekea kamera, akagusa bega lake la kushoto kwa vidole viwili, akacheka.

"Kumbe anajua," alisema Mama Mshonaji, na machozi yakamtoka.

Mafuta alijikuta ameshika leso yake mwenyewe na kumpa. Hakupanga. Mkono ulikwenda tu.

Harusi ilipokwisha, mama alifungua kabati, akatoa mkoba, akasimama katikati ya chumba. "Fundi wetu ana neno."

Mafuta alinyoosha mkono kuupokea mkoba.

"Ana haya, nitamsemea. Wiki hii watu kadhaa wameniletea vifuniko vya dhahabu niwashonee vitambaa vya kufunikia, na kila mmoja akaniambia nisimwambie mtu. Sikumwambia mtu."

Kinyozi aliichunguza dari. Mwalimu wa hesabu alikuta kasoro kwenye kiatu chake. Kisha, polepole, watu wakaanza kutazamana.

"Wewe pia?" aliuliza Kinyozi.

"Nilitaka kukijaribu tu," alisema Mwalimu. "Kitaalamu."

"Fundi amegundua vifuniko havikuwafaa," aliendelea mama, "na dawa ni kuitoa ruta kabatini. Kwa hiyo anamrudishia kila mtu chake."

"Nimekwambia saa ngapi, mama?" Mafuta alinong'ona.

"Hukusema. Uliponipa leso nilijua wewe ni mtu wa namna hiyo."

Kuna watu huweza kupambana na matusi, rungu na mbwa. Sifa za mbele za watu hazina ngao. Mafuta alifungua mkoba, akamrudishia kila mtu chake, na kila aliyepokea alisema asante kwa sauti ndogo, kwa kuwa naye alikuwa na la kuombea radhi. Mwishowe mama alimlipa ujira wake wa kweli, akamfungia na mkate kwenye karatasi.

"Sasa simama hapa tupige picha."

"Mimi picha hapana, mama."

"Simama."

Walipiga, Mafuta katikati, mkono wa mama begani mwake. Mama akaituma kwenye kundi la mtaa: *Huyu ni fundi wetu. Mwaminifu, anarudisha fedha za watu.* Mtandao, ambao mchana ulishindwa kubeba mwayo wa bwana mmoja, uliibeba sura ya Mafuta mtaa mzima kabla hajafika ghorofa ya chini.

Mlangoni pa jengo mwuza matunda aliitazama simu yake, akamtazama yeye.

"Si wewe huyu?"

"Tumefanana."

"Hata shati?"

Mafuta alishafukuzwa mitaa mingi kwa kujulikana ni mwongo. Hakuwahi kuota kwamba mtaa ungeweza kumfungia biashara kwa kumjua kuwa mwaminifu. Ng'ambo ya barabara fundi viatu alikuwa tayari anampungia mkono, na mwanamke dirishani akiita, "Fundi, usipite, na kwangu uje."

Alisimama kidogo, akamega mkate, akatafuna.

"Haya," akamwambia mwuza matunda. "Televisheni ya kwako ina tatizo gani?"